Fizikali kemistri hatufundishwi, tunakaririshwa tu

Wakuu nimevumilia muhula mzima, leo nasema. Lekchara anaingia, anageukia ubao, anaanza kudiraivu ikwesheni (kuzitoa hatua kwa hatua) kutoka kona hadi kona, kipindi kizima tunaangalia mgongo wake, akimaliza anasema "kwa hiyo mnaona". Tunaona nini sasa?

Kilichonikera kuliko vyote ni alama za kujumlisha na kutoa. Darasani tuliandikiwa ΔU = q + w (badiliko la nishati ya ndani ni joto linaloingia, q, jumlisha kazi, w), yaani kazi ni chanya mfumo ukifanyiwa kazi. Kwenye karatasi za maswali tulizogawiwa ni ΔU = q − w, hapo kazi ni ile ambayo mfumo wenyewe unaifanya. Zote ziko sawa, ni makubaliano tu, ila hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo akatuambia! Mtihani ukaja, gesi inatanuka, joto haliingii wala halitoki, nikachukua kazi kwa alama ya karatasi nikaipachika kwenye fomula ya darasani, nishati ya ndani ikapanda badala ya kushuka. Swali zima sifuri. Hilo nalo ni uzembe wangu?

Halafu entropi. "Ni kipimo cha vurugu", andikeni, tusonge. Vurugu gani, na inapimwaje kwa jouli kwa kelvini? Nimekuja kuelewa peke yangu usiku nahangaika na barafu: moli moja ikiyeyuka inameza kama kilojouli 6.01, entropi inaongezeka kama jouli 22 kwa kelvini, sasa zidisha hiyo 22 kwa 273 (nyuzi sifuri kwa kelvini) unapata kama jouli 6,000, yaani ΔH (joto lililomezwa) na TΔS (halijoto mara ongezeko la entropi) zinalingana, ΔG, yaani ΔH toa TΔS, ni sifuri, ndo maana barafu na maji vinakaa pamoja kwenye nyuzi sifuri, pandisha joto kidogo TΔS inazidi barafu inayeyuka, shusha kidogo maji yanaganda. Jamani nilitaka kulia. Kitu kizuri hivi, dakika tano kinaelezeka, mbona tulinyimwa? (Na hapo ukisahau kugeuza kilojouli kuwa jouli umekwisha, wengi wetu tulianguka hapohapo.)

Sitaki mtihani ulegezwe. Nataka mtu aandike juu ya ubao anatumia alama ipi, na kabla ya kudiraivu aseme tunatafuta nini.

Wiki ijayo tunaanza kwanta (mambo ya chembe ndogo kama elektroni), ikwesheni ya Schrödinger. Mliopita huku mlianzia wapi kusoma wenyewe? Maana darasani mimi sitegemei tena