Nduthi (pikipiki) ikigoma kuwaka, kumbe shida ilikuwa wapi? Tupeane uzoefu

Kijana wa Roysambu

Wadau habari zenu. Nimeanzisha huu uzi juu nimechoka kulia peke yangu. Wiki jana ile mvua ya jioni ilinipata Allsops na kastoma nyuma, maji barabarani yamefika kwa ekzosi, mara mashine ikakohoa mbili ikanyamaza. Nikapiga kiki nikapiga kiki, mguu unateleza kwa mvua, kastoma akaniangalia kidogo akasema "pole bro" akadandia matatu na hajalipa ata shilingi.

Nikasukuma mpaka kwa fundi mmoja, simtaji. Hajafungua kitu, hajatoa ata plagi, ameipiga kiki mara tatu akasema CDI imekufa, kile kidude cha stima kinapanga moto wa plagi. Nikanunua CDI. Wapi. Akasema basi ni koili, ile inapandisha nguvu ya stima iende kwa plagi. Nikanunua koili. Wapi tena. Na mnajua vile duka za spea ziko, vitu vya stima ukishalipa umelipa, hakuna cha kurudisha.

Saa kumi na mbili jioni yule kijana wake wa mkono ndio akashika kofia ya plagi akaivuta hivi, ikamtokea mkononi na waya ikabaki nyuma. Tukachungulia. Ndani kuna ile skrubu ndogo inaingia kwa waya, imekula kutu ya kijani mpaka imebaki kama mwiba wa samaki, na ncha ya waya imeoza nyeusi. Kijana akachukua koleo akakata waya nusu sentimita hivi mpaka shaba ikaonekana inang'aa, akafunga kofia ingine ya zamani kwa kuizungusha. Kiki moja! Shida ya soo mbili (mia mbili) nimeitolea karibu elfu tatu.

Haya na wewe, yako ilikuwa wapi?

Fundi Karioh

Hio ya kofia tunaiona kila msimu wa mvua, kuanzia Machi mpaka Mei siwezi maliza wiki bila kuipata. Wacha niseme vile mimi hufanya alafu wengine waongeze. Mashine ikikuja imekufa sikimbilii CDI. Naangalia mafuta yamefunguliwa, naangalia swichi, alafu natoa plagi. Nairudisha kwa kofia yake, naegemeza chuma yake vizuri kwa injini, mbali na tundu la plagi na mbali na kabureta, sababu hapo ndio watu huungua nyusi, napiga kiki. Moto wa bluu wenye mlio wa ta-ta-ta, stima iko sawa, tafuta shida kwa mafuta. Moto wa manjano mwembamba, stima imechoka. Hakuna kitu, weka plagi mpya kwanza kabla hujamlaani mtu. Bado? Vua kofia, jaribu na kofia ingine. Kutoka hapo ndio narudi nyuma pole pole, waya, koili, soketi za CDI, na ile pikapu ndogo, kisensa kinaambia CDI wakati wa kutoa moto, iko kwa magneto inayozalisha stima.

CDI yenyewe kufa hutokea lakini si vile watu husema. Mara nyingi ni soketi yake imeingia maji, unaichomoa unaipuliza unairudisha inafufuka na fundi anakuuzia mpya.

Mama Njeri

Mimi siendeshi ila niko na moja nimeandika kijana. Siku moja asubuhi ananipigia, "Mathe mashine imekataa kabisa, fundi anasema elfu mbili na mia tano." Nikamwambia asubiri nakuja, nikavaa lesso nikatoka. Nafika naona ile swichi nyekundu ya kuzima injini hapo kwa hendo iko upande wa kuzima. Nikamuuliza kwani hii ni ya nini? Kimya. Nikaibonyeza, ikawaka. Mtoto wa jirani alikuwa ameichezea usiku. Sasa sijui kama kijana alikuwa hajui ama alikuwa anajua sana, na hapo sitaongeza.

Rongai Express

Yangu ilinisumbua miezi miwili. Asubuhi inawaka vizuri kabisa, natoka Rongai mpaka Karen hakuna shida, nikikaa kwa jam kama nusu saa hivi inazima, na hairudi. Nikitulia dakika ishirini ninywe chai, inarudi kama hakuna kitu imefanyika. Nikiipeleka kwa fundi imeshapoa inawaka, ananiangalia kama mwendawazimu. Siku moja ikazima karibu na fundi mwingine nikamkimbilia ikiwa bado moto, nikamwambia pima SAI. Hakuna moto kwa plagi. Kumbe ni koili, ikipata joto ule waya mwembamba wa ndani unaachana, ikipoa unagusana tena. Kwa hivyo ka yako inakufa ikiwa moto usikubali ipimwe ikiwa baridi, utalipa bure.

Mnyamwezi Eastleigh

Shikamooni wakubwa. Mimi nyumbani ni Tabora ila niko hapa Eastleigh miaka mingi. Hii mada imenikumbusha gobore la marehemu babu, msicheke, ni jambo lilelile. Babu alikuwa anawinda enzi hizo, ana gobore la fataki, lile la kumimina baruti mdomoni kwa mtutu unashindilia na mti, kisha risasi nayo unashindilia mpaka ikalie baruti. Nyuma kwenye kitako cha mtutu kuna kibomba kidogo chenye tundu, ndipo unavalisha fataki kama kofia. Nyundo ikigonga fataki, cheche inapita kwenye lile tundu kwenda kuwasha baruti.

Basi kuna siku ananyata kwa mnyama nusu saa nzima, anavuta, fataki inalia ta! na bunduki kimya. Mnyama huyo kaenda zake. Sasa jambo ambalo babu hakuwa na mchezo nalo, hakuliteremsha. Analishika hivyo hivyo mdomo umeelekea kule porini, anahesabu taratibu mpaka unachoka kusubiri, maana baruti inaweza kuwa imeshika moto wa chini chini ikalipuka imechelewa, na kuchungulia mdomo wa mtutu alisema hiyo ni kazi ya mtu aliyechoka na kichwa chake. Baada ya hapo anavalisha fataki nyingine anajaribu tena. Ikikataa anachukua sindano ya kushonea magunia anachokoa lile tundu, unaona masizi meusi yanatoka yamegandana kama ugoro.

Sababu zake zilikuwa tatu tu. Masizi ya risasi za nyuma yameziba njia. Au aliweka mafuta ya kuzuia kutu akasahau kuyafuta, yakatiririka mpaka chini yakalowesha baruti, kwa hiyo siku ya kutoka analipua fataki mbili tatu tupu kwanza kabla ya kutia baruti, akiwa ameelekeza mdomo kwenye majani makavu, majani yakiruka anajua njia iko wazi. Au umande wa alfajiri, na huo aliuziba kwa nta pembeni ya fataki. Tena risasi ikiwa haijakaa vizuri juu ya baruti analitoa lote aanze upya, hapo hana haraka.

Kwa hiyo nikisikia fundi anasema "moto upo lakini haiwaki" mimi namuona babu.

Fundi Karioh

@Mnyamwezi Eastleigh wewe umeniua 😂 kuanzia leo hapa gereji hio ndio lugha. Fataki imelia baruti haijashika. Na ni ukweli, moto ukiwa bluu na mashine haiwaki nusu ya wakati ni plagi imelowa ama mafuta ni mabaya. Kuna jamaa ya Umoja tulimwaga tanki yake kwa chupa, ukinusa ni mafuta taa wazi. Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta taa shilingi 18 kwa lita Septemba 2018 ndio watu waache kuchanganya, lakini wajanja hawaishi. Alikuwa amenunua kwa jerikeni kando ya barabara.

Mpwani Kwa Nairobi

Niongeze ya masizi basi. Mimi nduthi yangu nilipanda nayo kutoka Mombasa ikiwa salama kabisa. Kufika huku plagi inakuwa nyeusi ti! kila wiki, kavu ya masizi, ukifuta yabaki kwa kidole. Nikabadilisha plagi nne. Mwisho mzee mmoja pale Grogan kwa mafundi akaniuliza swali moja, hii mashine umeitoa wapi? Akanieleza Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyembamba, kabureta bado yamwaga mafuta kwa hesabu ya Mombasa, hewa haitoshi kuyachoma yote ndio masizi. Akashusha ile sindano ya kabureta ngazi moja mafuta yapungue na akasafisha chujio la hewa lililokuwa limejaa vumbi la Mtito Andei. Mpaka leo. Ukienda Limuru ndio usiseme, kule wapita mita 2,000.

Kijana wa Roysambu

Wazee mko na vichwa. Swali, plagi ikiwa nyeusi naweza ichoma kwa jiko la makaa nikwangue na msasa? Hapa steji wote hufanya hivo.

Fundi Karioh

Wanafanya, lakini mimi sifanyi. Msasa unaacha mikwaruzo na chengachenga kwa ile kauri nyeupe ndani na hapo ndio masizi hukaa tena haraka. Petroli kidogo na burashi laini, kausha kabisa, basi. Na pima ile nafasi moto unaruka kwa ncha ya plagi, hizi nduthi za cc 125 nyingi zinataka milimita 0.6 mpaka 0.7. Huna kipimo? Bledi ya msumeno wa chuma ni karibu 0.6, ikipita imekaza kidogo uko sawa. Plagi si ghali lakini, ka imezeeka tupa. Na ka ni nyeusi ya mafuta inateleza kama imepakwa mafuta ya kupika, hio si plagi, ni ringi za pistoni zimeisha, njoo tuongee na ukuje na pesa.

Mama Njeri

Fundi hio ya mwisho ungeniandikia inbox, kijana wangu ako humu.

Kijana wa Roysambu

Nimepima na bledi, yangu ilikuwa imefunguka mpaka bledi inapita ikicheza. Nimeigonga pole pole imefunga. Asubuhi na hii baridi imewaka kiki ya pili, nimepaka grisi kwa mdomo wa kofia maji isiingie. Hio CDI na koili ya zamani bado niko nazo kwa karatasi, na sasa naona zilikuwa mzima. Mwenye anataka aniambie, niko steji ya Roysambu mpaka saa tatu usiku.