Udumavu wa watoto Pokot Magharibi: ni umaskini au ni mazoea?

Mwalimu wa Kitale: Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulibaini kuwa asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 wamedumaa, ilhali kaunti ya Pokot Magharibi ni asilimia 34. Mtoto wa miezi mitatu anaanzishiwa uji mtupu wa mahindi, kisha kimo kisipolingana na umri tunailaumu serikali. Hata Kisumu, kwenye omena tele, wale dagaa wa ziwani, mama huiuza yote akarudi nyumbani na sukuma. Je, huo nao ni umaskini?

Mama wa Kondele, Kisumu: Mwalimu, ya Pokot nawaachia wenyewe, lakini hilo la omena halipiti hivi hivi. Viwanda vya chakula cha kuku vinaigombania omena hiyo hiyo, na mimi ninayeiuza nina kodi ya nyumba na karo. Kopo moja la gorogoro nikilipeleka jikoni, mwenye nyumba nitampa nini, mifupa?

Mwalimu wa Kitale: Sikumtukana mtu, mama. Mimi mwenyewe nililelewa na muuza omena.

Mama wa Kondele: Basi alikubakishia kidogo, ndiyo maana ulirefuka ukafika ubaoni. Mshukuru kabla ya kutusema.

Kijana wa Makutano: Wazee wangu, mnabishania samaki ilhali Alale, huku Pokot Magharibi, hakuna ziwa. Huku kiangazi kikianza, wanaume huhama na ng'ombe kutafuta malisho, na maziwa huondoka pamoja nao. Anayebaki bomani ni mama, mara nyingi binti aliyeozwa mapema, pamoja na mtoto ambaye siku zake 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi miaka 2, ndizo zinazoamua kimo chake. Maji anayachota kwenye mchanga wa mto uliokauka, mtoto anaharisha, anapona, anaharisha tena, na hicho kidogo alichokula hakimjengi. Huo uji wa miezi mitatu unaoulaumu, mwalimu, hutolewa kwa sababu mama amekwenda kutafuta maji tangu alfajiri, na ziwa la mama haliachwi nyumbani kwenye kibuyu.

Mwalimu wa Kitale: Hapo kwenye maji nimekuelewa, kijana. Lakini mwenye ng'ombe arobaini anashindwaje kumwachia mke wake ng'ombe mmoja wa kukamuliwa?

Mama wa Kondele: Sasa umeuliza. Tangu asubuhi ulikuwa unatuuliza sisi wanawake.