Tupeane Uzoefu: Majengo ya Kale ya Marekani Yanayosemekana Kuwa na Mizuka

Mleta mada:
Ndugu wanajamvi, salaam. Wengi wetu tunaoishi au tuliosoma Marekani tumewahi kulipa kiingilio ili tuoneshwe jengo ambamo wafu wanasemekana kutembea usiku. Naomba kila aliyefika aeleze alichosimuliwa na, kama alifuatilia baadaye, alichokikuta katika kumbukumbu.

Naanza na Eastern State, gereza la Philadelphia lililofunguliwa mwaka 1829 na kufungwa mwaka 1971. Waasisi wake waliamini kwamba mhalifu akiachwa peke yake na dhamiri yake atatubu. Kwa hiyo kila mfungwa alipewa chumba chake chenye tundu la mwanga darini, na alipotolewa nje alifunikwa kichwa ili asimwone mtu wala asionekane. Kisa kinachopendwa ni cha Al Capone, kiongozi wa genge la wahalifu la Chicago aliyefungwa humo kati ya mwaka 1929 na 1930, ambaye inasimuliwa kwamba usiku alipiga mayowe akimsihi James Clark, mmoja wa watu saba waliouawa Chicago Februari 1929 katika mauaji ambayo Capone alishukiwa kuyaagiza, amwondokee. Wenzangu walisisimka. Mimi nilijitenga katika chumba kimoja, na kwa unene wa zile kuta sauti zao zikapotea kabisa. Sikumaliza dakika mbili. Mzuka sikuuona, lakini nilielewa jinsi mtu anavyoweza kuutengeneza mwenyewe.

Mchangiaji wa kwanza:
Ahsante, kaka. Mimi nilifika Gettysburg, Pennsylvania, ambako katika siku tatu za Julai 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, majeshi mawili yalipata hasara ya watu wapatao 50,000, ukihesabu waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea. Mji mzima una visa vya askari wanaoonekana alfajiri. Kilichonigusa ni nyumba alimofia Jennie Wade, binti wa miaka 20, raia pekee aliyeuawa moja kwa moja katika mapigano yale. Alikuwa akikanda unga wa mkate, risasi ikapenya milango miwili na kumpata. Tundu la risasi lipo hadi leo, na husemwa kwamba msichana akipitisha humo kidole cha pete ataposwa kabla ya mwaka kwisha. Nilikipitisha. Huu ni mwaka wa sita.

Mchangiaji wa pili:
Pole, dada, labda ulikosea kidole. Mimi nililala usiku mmoja katika nyumba ya shamba la Myrtles, St. Francisville, Louisiana, iliyojengwa mwaka 1796. Humo husimuliwa habari za Chloe, mjakazi aliyekatwa sikio kwa kusikiliza mazungumzo ya bwana wake, akalificha kwa kilemba cha kijani, kisha akatia sumu ya majani ya mwoleanda katika keki iliyomuua bibi wa nyumba na watoto wawili, hata watumwa wenzake wakamnyonga. Niliporudi nilisoma waliyoyaandika watafiti: hakuna kumbukumbu ya mtumwa wa jina hilo katika familia ile, na mama yule na watoto wake walikufa kwa homa ya manjano miaka ya 1823 na 1824. Mauaji yaliyothibitishwa ni ya William Winter, aliyepigwa risasi barazani mwaka 1871, tena kisa kimemrefushia maisha kwa kumpandisha hadi kidato cha 17 cha ngazi. Linaloniudhi ni kwamba watumwa halisi waliolima shamba lile walikuwa na majina yao, lakini anayejulikana na kila mgeni ni huyu wa kubuniwa, naye ni muuaji.

Mleta mada:
Nimekuelewa vyema. Lakini usiku ule wenyewe, hukusikia chochote?

Mchangiaji wa pili:
Nilisikia ngazi ikilia, kaka. Ni ya mbao, na nyumba ina zaidi ya miaka 200. Hata hivyo taa sikuizima.