Nimelipia mvinyo, Riesling ya mlimani, nikaletewa maji ya sukari. Hela yangu irudi!

Wakuu, sina salamu ndefu, nina hasira.

Nipo Köln, Ujerumani, mwaka wa tisa. Kaka yangu, mkulima wa zabibu kule Hombolo, Dodoma, amekuja kunitembelea. Miaka yote hii nimemchosha kwa hadithi za Riesling ya Mosel, mvinyo mweupe wa bonde la mto huo, maana enzi za chuo nilivuna misimu miwili kwenye shamba la familia moja pale Piesport, kwenye mlima unaoitwa Goldtröpfchen. Nikasema safari hii aonje mwenyewe. Mzee wa lile shamba alishastaafu, nikaingia duka la mtandaoni. Tangazo: Riesling Kabinett (daraja la mvinyo mwepesi) ya Piesport, shamba la familia, miteremko mikali. Na picha ya mlima uleule, mto umejikunja chini yake! Chupa sita, euro 89.40. Nikalipa bila kuuliza mara mbili.

Mzigo ukafika Alhamisi. Kaka akaonja, akanyamaza, akaisogeza glasi pembeni.

"Mdogo wangu, haya ni maji ya sukari. Ndiyo yaliyokuvunja mgongo?"

Aibu niliyoipata acheni tu. Nikaigeuza chupa. Mbele: Piesporter Michelsberg, yaani Michelsberg ya Piesport. Nyuma, kwa herufi za kutafutia miwani: Abfüller.

Kwa wasiojua. Goldtröpfchen ni mlima mmoja, unaujua hata ukiwa umefumba macho, kwa sababu mguu mmoja uko juu na mwingine chini siku nzima, na yale mawe bapa meusi yanateleza kila ukihamisha ndoo. Mawe hayo yanakunywa jua mchana, usiku yanalirudisha kwa mizabibu. Michelsberg si mlima. Ni jina la jumla linalokusanya mashamba ya vijiji kadhaa, yakiwemo ya tambarare ambako mashine inapita na kuvuna bila jasho la mtu. Sheria ya mvinyo ya Ujerumani ya 1971 ndiyo iliyoruhusu majina haya mawili yafanane kwenye lebo, na mnunuzi wa kawaida ataona Piesporter tu. Na hilo neno Abfüller maana yake ni mjaza chupa. Familia iliyolima, ikakamua na kujaza yenyewe inaandika Gutsabfüllung. Sasa hiyo "familia" ya kwenye tangazo iko wapi?

Najua wajuaji watakuja na "Kabinett ya Mosel huwa na utamu, ulitegemea nini?" Tulieni. Utamu naujua. Lakini kule baridi inaifanya zabibu iive polepole mpaka Oktoba, uchachu wake haupotei, kwa hiyo utamu unakuja umeshikwa na ukali kama wa ndimu na mate yanakujaa. (Kaka hapo alicheka, yeye Hombolo anavuna mara mbili kwa mwaka.) Hii niliyoletewa haina ndimu, haina chochote.

Nimewaandikia mara tatu. Jibu la kwanza: asante kwa maoni yako. La pili: picha inaonyesha eneo, si bidhaa. La tatu ndilo lililonipandisha presha: chupa iliyofunguliwa hairudishwi, na zile tano nyingine nizirudishe kwa gharama zangu. Yaani mnidanganye ninyi, nauli nilipe mimi?

Leo ni siku ya tisa tangu mzigo ufike, na haki ya kurudisha mzigo ulionunuliwa mtandaoni ni siku 14. Lakini mimi sitaki kurudisha eti kwa kughairi, nataka wakubali kwamba tangazo lao ni la uongo. Mdau yeyote wa Ujerumani aliyewahi kupeleka shauri la namna hii Verbraucherzentrale (ofisi ya kutetea walaji), nielekeze: natakiwa kwenda na nini? Tangazo nimelipiga picha kabla hawajalibadilisha.

Chupa tano ziko kabati la viatu. Nauli silipi.