Bunju wa maji ya chumvichumvi: nimuwekee nani kwenye tangi la lita 120?

Kidimbwi
Habari wakuu. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Tangi langu ni sentimita 90 kwa 35 kwa 40. Ndani kuna bunju mmoja wa alama ya nane (mwenye michoro kama tarakimu 8 mgongoni), sentimita 5 hivi. Haidromita ya mshale (kipimo cha chumvi; maji matupu ni 1.000) inasoma 1.003, joto nyuzi 26. Chumvi ni ile ya tiba ya samaki. Natamani kuongeza samaki hawa: skati wawili (dukani ni wadogo kama sarafu), moli, gobi nyuki na neoni kumi. Nani abaki, nani akatwe kwenye orodha?

Mvuvi wa Kioo
Neoni na skati kata leo leo. Neoni ni wa maji laini yenye asidi kidogo, kwenye chumvi hadumu. Huyo skati wa sarafu anafika sentimita 30, anataka wenzake, na akikomaa anahitaji chumvi inayokaribia ya baharini. Bunju wako anatulia kwenye 1.005 hadi 1.008 maisha yake yote, kwa hiyo mmoja wao lazima aumie. Mono, samaki mwingine wa dukani, naye ni vilevile, muuzaji akikushawishi kataa. Na miiba ya skati ina sumu, usimshike kwa mkono mtupu.

Ila tatizo lako la kwanza ni chumvi. Ya tiba ni chumvi tupu, haina madini ya kushikilia pH (kipimo cha asidi ya maji). Nunua chumvi ya akwaria ya bahari. Kufikia 1.005 ni kama gramu 7 hadi 8 kwa lita moja. Koroga kwenye ndoo kwa pampu ndogo mpaka maji yawe maangavu kabisa, ndipo uyatumie kubadilishia maji ya tangi. Usimwage chumvi kavu tangini! Panda 0.001 hadi 0.002 kwa wiki, basi. Ukiruka, bakteria wa kwenye filta wanakufa, amonia (sumu inayotokana na uchafu wa samaki) inapanda, na kwenye pH ya 8 amonia ina ukali kuliko kwenye 7.

Kidimbwi
Asante mkuu. Maji yakipungua kwa mvuke naongeza ya chumvi?

Mvuvi wa Kioo
Hapana. Kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Jazia maji yasiyo na chumvi, yaliyotolewa klorini. Ya chumvi ni kwa siku ya kubadilisha tu. Na hiyo haidromita ya mshale igonge kidogo kabla ya kusoma: viputo vikikaa kwenye mshale vinauinua, unasoma chumvi nyingi kuliko iliyopo. Refraktomita, inayopima chumvi kwa mwanga, ni bora.

Bi Matumbawe
Gobi nyuki ndiye chaguo la kweli hapo, ila watu wengi wanamuua kwa njaa. Ana sentimita 3 hadi 4, anakaa chini, anakula polepole, na chakula cha vipande mara nyingi hakigusi. Mpe artemia (vikamba vidogo sana) au minyoo ya damu iliyogandishwa, kwa bomba la sindano refu, umpulizie mbele ya pango lake wakati bunju anakula konokono upande wa pili. Ukimwaga chakula juu tu, bunju anakifagia chote. Tumbo la gobi likionekana limebonyea kwa ndani, ujue hali chakula.

Nunua sita au zaidi. Wakiwa wawili, mmoja anamtesa mwenzake. Kila mmoja awe na tundu lake: vigae, vipande vya bomba, maganda makubwa ya konokono, vyenye mlango ambao bunju hapiti. Gobi wakubwa wenye madoa usiwachanganye nao, watawameza.

Chumvi Robo
Naongezea kuhusu moli, maana hapo tunatofautiana humu. Chumvi anaistahimili vizuri, lakini bunju anamng'ata mapezi. Ukitaka kujaribu, chukua wa mkia mfupi, watano, majike wengi kuliko madume. Mkia mrefu sahau. Angalia pezi la mkia: likitoka kipande cha duara safi kama kimekatwa kwa ukucha, si ugonjwa, ni jino la bunju. Watoe moli siku hiyohiyo, bunju hatajirekebisha.

Kidimbwi
Basi gobi sita kwanza, moli nitaona baadaye. Nawaingizaje wakati bunju ndiye mwenyeji?

Bi Matumbawe
Ngoja kwanza ufike 1.005 na ukae hapo wiki mbili, amonia na naitraiti (sumu nyingine inayotokana na amonia) zikiwa sufuri. Gobi wa dukani mara nyingi wako kwenye maji yasiyo na chumvi, uliza wamewekwa kwenye kipimo gani cha chumvi. Kama ni sufuri, wapandishe taratibu kwenye tangi dogo la pembeni, na huko uhakikishe wanakula. Siku ya kuwahamisha, panga upya mawe yote ili bunju apoteze mipaka yake, mshibishe, zima taa, ndipo uwaweke.

Chumvi Robo
Na hilo tangi dogo usilivunje. Liache na filta inayofanya kazi, kwenye chumvi ileile ya tangi kubwa. Bunju wa alama ya nane hawafanani tabia, wako akianza kuwawinda gobi utahitaji mahali pa kuwahamishia usiku huohuo.