"Shangazi, setilaiti imehama": nani alimpa huyu mtu ngazi?

Binti Kuze

Simtaji. Mnamjua. Yule fundi wa madishi, wa pikipiki yenye ngazi ubavuni. Ikiwa una dishi kati ya Mtwapa na Likoni, ashakupandia paa na ashakula hela yako.

Leo kaitwa kwenye kempa ya wageni, lile gari la kulala ndani, Bamburi. Kempa imeletwa na meli kutoka Ujerumani, juu ina dishi la mota, lile la kujitafutia lenyewe. Linainuka, linazunguka, linagonga mwisho, linalala. Jamaa kapanda, mkono kwenye paji la uso, ungedhani anatafuta mwezi wa Ramadhani. Kashuka. Kapangusa mikono. Kaniambia mbele za watu: "Shangazi, setilaiti imehama."

IMEHAMA! Na mkokoteni wa nani? Ile kitu, Eutelsat tunayoitazama huku, iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, nyuzi 36 mashariki, haijapiga hata hatua. Kilichohama ni GARI, bwana we! Dishi lile limezoea Astra, setilaiti ya Ulaya ya nyuzi 19.2, ambayo ukiwa Munich unaitazama kwa kuinua kidevu tu, nyuzi 34 hivi kutoka upeo wa macho. Hapa Mombasa ya nyuzi 36 iko juu nyuzi 83 na nusu. Utosini! Mota za kempa nyingi za Ulaya zinakomea sitini na kitu. Mkono haufiki, basi. Na hata ungefika, orodha iliyo ndani ya kisanduku chake ni ya setilaiti za Ulaya.

Haya, mtu mzima na mita yake shingoni hawezi kusema hivyo? Kamwambia mgeni atoe elfu nne "aifuate". Aifuate wapi? Lunga Lunga? Tena kabla hajaondoka kazungusha koneta tepu nyeusi ya umeme, hapo ufuoni, na chumvi yote ile. Na "shangazi" juu yake. Shangazi wa nani?

Setilaiti imehama. Wallahi nimeshindwa kula.

Mwana wa Tudor

Shikamoo shangazi.

KeboNdefu

Dada, huyo mwache, tutengeneze gari. Mota usiilazimishe, meno yake ni ya plastiki na yakikatika hupati spea hapa. Ikunje ilale. Chukua dishi la kawaida la sentimita 80 au 90, lisimamishe chini kwenye miguu mitatu, kila mguu uulalie mfuko wa mchanga.

Mlingoti uwe wima kabisa, pima kwa timazi. Elekeza kaskazini-magharibi, dira isome 318 hivi, na simama mbali na bodi la gari wakati wa kusoma, chuma huvuta dira. Kuinua sasa: dishi la ofseti, lile ambalo kipokezi chake kiko chini badala ya katikati, lina nyuzi kama 24 zake tayari, kwa hiyo uso wa sahani wenyewe utaulaza hadi nyuzi 60 tu kutoka wima. Watu wengi wanakosea hapo, wanalilaza mpaka linakuwa karai la kukingia mvua.

Halafu LNB, kile kipokezi mbele ya sahani. Huko kwao huzungushwa kidogo. Hapa tuko karibu na ikweta, inataka kugeuzwa nyuzi 40 na kitu kwenye kishikio chake. Ukiiacha sifuri, mawimbi ya wima (V) na ya mlalo (H) yanaingiliana: nguvu ya signali inasoma 90, ubora sifuri. Hapo ndipo mafundi huanza kuzungumza habari za kuhama. Igeuze upana wa ukucha, ngoja sekunde tano dekoda ishike, geuza tena. Ikigoma, geuza upande wa pili.

Binti Kuze

Asante kaka. Nguvu 90 ubora sifuri, NDIVYO ILIVYOSOMA. Na yeye akatazama juu akasema imehama.

Mjuzi wa Kisauni

Kumtetea kidogo: Eutelsat 36D ilirushwa Machi 2024 kuchukua nafasi ya 36B. Kwa hiyo kuna kitu kimebadilika.

Binti Kuze

Kuchukua nafasi yake PALE PALE! Nyuzi 36! Hata bolti huigusi! Wewe ndiye yeye? Mbona unaandika kama yeye?

Mwana wa Tudor

Hahaha mshapatana. Ndoa lini?

Jongoo wa Likoni

Huyo alitaka pia kukata ule waya mwembamba unaotoka kwenye swichi ya gari, alidai "unavuruga". Chunga sana! Ndio unaoliambia dishi lijikunje injini ikiwaka. Ukikatwa, gari litaondoka na dishi limesimama na tawi la kwanza la Nyali litakuwa mrithi wake. Na tepu nyeusi itoe leo leo. Gundi yake huyeyuka juani, maji yanakaa ndani, baada ya miezi shaba inakuwa kijani. Kata kebo nyuma mpaka uone shaba safi, weka koneta mpya, msumari wa kati uzidi ukingo kwa milimita 3, na uzi hata mmoja wa ule wavu wa kebo usiuguse. Funga kwa tepu ya mpira ile inayojishika yenyewe. Chini ya koneta acha kebo ining'inie kitanzi, maji yadondokee hapo.

Mama Sahani

Na kempa itolewe chini ya mwembe. Ulaya unaangalia kama kuna jengo upande wa kusini. Hapa jengo halikusumbui, kinachokusumbua ni kilicho juu ya kichwa chako.

Mpemba wa Majengo

Kebo nazo! Mbona hatuzungumzii wanaotuuzia kebo? Ndani chuma kimepakwa shaba. Peleka sumaku, inanasa! Ikiwa ndefu, zile volti 18 za kuiambia LNB ichukue H zinafika juu zimechoka, chaneli za H zinapotea zote na za V zinabaki. Mtu anabadilisha LNB tatu bure. Weka tesa kwenye DC, pima juu kule kwenye koneta, kebo ikiwa imechomekwa kwenye LNB kupitia kiungo, siyo ikiwa tupu. Tupu itakusomea 18 safi ikudanganye.

KeboNdefu

Hapo kwenye kupima ikiwa na mzigo umenena.

Jongoo wa Likoni

Kebo si kitu, ngoja kunguru wakukamate. Wanadonoa kile kifuniko cha plastiki cha LNB mpaka kinatoboka, maji ndani, kwisha.

Mama Sahani

Kunguru!!! Usiniambie. Serikali 2024 ilisema itawaangamiza milioni moja. Wako wapi waliokufa? Kwangu wameongezeka.

Binti Kuze

Jamani, mada ni setilaiti.

Mpemba wa Majengo

Kuna aliyechukuliwa mahamri mkononi pale Mwembe Tayari, karatasi na yote.

Mama Sahani

Kwa dishi, funga mshipi wa nailoni kutoka ncha ya mkono wa LNB hadi ukingo wa juu wa sahani, mistari mitatu. Hawauoni, bawa linagusa, wanaruka. Usitumie waya wa chuma mbele ya sahani, utaharibu signali.

Jongoo wa Likoni

Mshipi unene gani?

Mama Sahani

Milimita 0.6 unatosha. 0.3 wanaukata.

Mjuzi wa Kisauni

Kongowea wanauza kwa mita au lazima roli nzima?