Naomba ushauri: tuwaambieje madaktari wageni bila kuupoteza msaada wao?

Habari zenu wakuu. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Kila mwaka tunapokea timu ya mabingwa kutoka nchi tajiri. Wanakaa wiki mbili, wanapasua kutwa kucha, wanaondoka. Nawashukuru kwa dhati, maana tume ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2015 ilikadiria kuwa watu bilioni 5 hawapati upasuaji salama wanaoumudu.

Shida huanza wakishaondoka. Safari iliyopita kidonda cha mama mmoja kilifumuka siku ya nne. Daktari wetu kijana, ambaye siku ile alishikishwa vifaa tu, ndiye aliyemrudisha mezani usiku wa manane, na faili halikueleza hata nyuzi zilizotumika. Tena mama yule alisaini ridhaa iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua! Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa wameleta mkataba wa miaka 5. Nataka utaje nani atafuatilia wagonjwa, na vijana wetu wafundishwe kupasua wenyewe. Mkuu wangu anahofia watakwenda kwingine. Mliowahi kujadiliana nao, mlianzia wapi?